Wokstesheni tatu za Kiborloni: shajara ya mradi

Tarehe 2 Machi

Leo nimekwenda Moshi na nimerudi Arusha bila kubeba kitu. Fundi redio mmoja wa Mbuyuni, ambaye hunipigia simu kila akikutana na kompyuta ya zamani, aliniambia kuna mama Kiborloni ana "kompyuta nzito za miaka hiyo" stoo, na mnunuzi wa skrepa ameshazipima. Nikapanda Kosta ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa kompyuta? Kaa kwanza unywe chai, hizo hazikimbii."

Mumewe alikuwa mpima ramani. Miaka ya tisini alifanya kazi kwenye mradi wa kuchora mifongo, ile mifereji ya maji ambayo Wachagga waliichimba kwenye miteremko ya Kilimanjaro kabla wakoloni hawajafika. Mradi ulipokwisha, ofisi ikamwachia vifaa. Amefariki miaka sita iliyopita, na vifaa havijaguswa.

Stoo iko nyuma ya nyumba, jirani na banda la mbuzi. Chini ya turubai nimekuta SPARCstation 5 ya Sun, Ultra 5 ya Sun, Indy ya Silicon Graphics ile ya rangi ya bluu, monita ya Sun ya inchi 20, kibodi mbili za Type 5, mausi mbili, salfeti lililojaa kebo na boksi la vitabu. Nilisimama pale muda mrefu. Nimekusanya kompyuta za zamani kwa miaka tisa na sijawahi kuona Indy kwa macho yangu hapa nchini.

Kwa asiyezijua: wokstesheni zilikuwa mashine za wahandisi, wapima ramani na watafiti, zikiendeshwa kwa mfumo endeshi wa Unix, wakati kompyuta ya kawaida ya ofisini ilikuwa haiwezi kubeba kazi zao. Sun ilianzishwa California mwaka 1982, na jina lake limetokana na herufi za Stanford University Network. Indy ilitoka 1993, SPARCstation 5 ikatoka 1994, na Ultra 5 ikafuata 1998. Hapa kwetu mashine za namna hii ni chache mno, na za miaka ya themanini ndiyo kabisa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na zuio hilo lilidumu kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayekusanya Uingereza au Marekani anachagua, na anayekusanya Arusha anaokoa.

Mnunuzi wa skrepa amempa mama shilingi 800 kwa kilo. Kilo 64 zote pamoja, monita peke yake ikiwa karibu nusu ya uzito. Hiyo ni shilingi 51,200. Akaniuliza, "Na wewe unasema zina thamani gani?"

Sikumjibu kwa namba. Nilimwambia ukweli kwamba nazitaka, na mtu anayeitaka mali si mtu wa kuipangia bei siku ya kwanza. Wahenga walishasema mwamba ngozi huvutia kwake. Tumekubaliana hivi: nizichukue nizipime na kuzitengeneza, kila kitu nikiandike, kisha nimletee hesabu anayoweza kumwonyesha mtu mwingine yeyote. Akikataa, nazirudisha na ananirudishia gharama za vipuri tu. Yeye ameahidi kumsimamisha mtu wa skrepa.

Tarehe 9 Machi

Nimetumia jioni nzima kupanga daftari la thamani. Kila kifaa nitakipa bei tatu.

Ya kwanza ni bei ya kilo, ambayo tunaijua. Ya pili ni bei ya vipande: memori, kadi, kibodi, pawa saplai, kila kimoja peke yake. Ya tatu ni bei ya mzima, mashine ikiwa kamili na inawaka. Wanaouza vipande hupata fedha haraka, kwa sababu kadi ya gramu 200 inasafirishika kwenda popote, na mashine nzima inasumbua. Lakini mashine ikishachanguliwa haiwi tena mzima, hata ukivirudisha vipande vyote. Hii ndiyo sababu siwapendi wanaoanza kwa bisibisi kabla ya daftari.

Kuhusu namba zenyewe, sitazami bei ambazo wauzaji wa nje wanaandika. Mtu anaweza kuandika dola elfu tatu na tangazo likakaa miaka miwili. Natazama bei ambazo mnunuzi kweli alilipa, na ninatoa usafiri, ushuru na gharama ya matengenezo. Tena uchache peke yake hauleti bei. Zipo mashine adimu ambazo hakuna anayezitafuta. Indy inatafutwa kwa sababu kuna watu wazima leo ambao walijifunzia kazi za picha juu yake, na kwa sababu michezo ya Nintendo 64 ilitengenezwa kwa Indy zilizofungwa kadi maalumu. NeXT, wokstesheni nyingine ya wakati ule, inatafutwa sana, kwani Tim Berners-Lee alitengenezea wavuti juu yake pale CERN mwaka 1990. Ultra 5 ziliuzwa kwa wingi sana, na wengi bado wanazo.

Tarehe 15 Machi

Mzigo umefika nyumbani kwangu Sakina, Arusha. Monita nimeiacha Kiborloni, haina maana kuisafirisha kilo 31 kwenda na kurudi. Mashine tatu nilizifunga kwa blanketi, nikazilipia viti viwili ndani ya Kosta ili zisikae kwenye buti. Konda aliniuliza mara mbili kama ni dawa. Kabla ya kuondoka niliandika hati ya mapokezi nakala mbili, na namba ya kila kifaa, tukasaini mimi na mama na jirani yake.

Katika boksi la vitabu kuna kitu kilichonifurahisha kuliko vitabu vyenyewe: barua ya mwaka 1999 ya kumkabidhi marehemu vifaa, imeorodhesha namba ile ile iliyoko nyuma ya SPARCstation. Barua ya namna hii ni sehemu ya thamani. Inathibitisha kuwa mali ni halali, na inaeleza mashine ilitoka wapi na ilifanya kazi gani.

Tarehe 16 Machi

Kufungua na kusafisha. Vumbi la Moshi si jekundu kama la kwetu Arusha lakini ni laini, linaingia kila mahali. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga ndani ya tundu la SCSI, la kuunganishia diski, la SPARCstation na kwenye feni ya Ultra 5. Nimeutoa udongo kwa kijiti cha meno na spiriti, pini moja baada ya nyingine, saa mbili na nusu kwa tundu moja. Ndani ya pawa saplai ya Indy kulikuwa na mayai manne ya mjusi, matatu yameshaanguliwa zamani.

Ganda la Indy limekauka. Plastiki ya umri huu inavunjika ukiibana kwa kidole gumba, kwa hiyo vile vishikio vya pembeni nilivifungua baada ya kuviacha juani dakika kumi vipate joto kidogo. Hakuna kilichokatika. Kamera yake, IndyCam, ilikuwa chini kabisa ya salfeti ikiwa imeviringishwa kwenye soksi. Kifuniko chake cha kuteleza kinafanya kazi.

Sijawasha kitu.

Tarehe 23 Machi

Sheria yangu ni kwamba diski inanakiliwa kabla mashine haijawashwa. Diski ya miaka thelathini inaweza kuwa imebakiza kuwaka mara moja tu, na sitaki mara hiyo iende kwenye majaribio.

Diski ya SPARCstation 5 ni ya SCSI yenye pini 80, gigabaiti 1.05. Niliiunganisha kwa adapta kwenye kompyuta ya mezani ninayoitunza kwa kazi hii, yenye kadi ya Adaptec 2940 na Linux. Iliguna, ikanyamaza, kisha ikaanza kuzunguka kwa ule mlio mwembamba. Niliinakili kwa ddrescue, ambayo inachukua kwanza sehemu nzima na kurudia zenye kasoro baadaye. Sekta 11 hazikusomeka. Baada ya kurudia usiku kucha zimebaki 3. Linux inaweza kusoma mafaili ya Sun bila kuandika chochote juu yake ukiiambia kuwa aina ni ufs ya Sun, na nilipofungua nakala niliona majalada yamejipanga: solaris, home, na moja limeandikwa mifongo.

Nilimpigia mama simu saa hiyo hiyo. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe bado ipo." Marehemu alikuwa akimwambia kazi yake yote iko ndani ya lile boksi bapa, na watoto walidhani ni maneno ya mzee.

Kuanzia leo kuna kitu ndani ya mradi huu ambacho daftari langu la safu tatu halikukipangia nafasi. Ramani si zangu kuzithamini, na sitazihesabu kama sehemu ya bei. Nakala ya kwanza ya diski ni ya mama, nimeiweka kwenye flashi mbili.

Tarehe 24 Machi

Pawa saplai ya SPARCstation nimeipima nje ya mashine, kwa taa ya balbu ya wati 100 kwenye mfululizo kama mafundi wetu wafanyavyo: kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na hakuna kinachoungua. Balbu ilimweka mara moja ikafifia. Volti 5 na 12 ziko sawa. Nikairudisha, nikafunga kebo ya siriali kwenye laptopu kwa kasi ya 9600, kwa maana Sun isipoona kibodi inazungumza kupitia siriali. Nikawasha.

Imeamka. Memori megabaiti 96, prosesa ya microSPARC II ya 110 MHz, na chini yake maneno niliyoyategemea: yaliyomo kwenye IDPROM, yaani utambulisho wa mashine, si halali.

Hili linahitaji maelezo kwa sababu ndilo linaloua thamani ya mashine nyingi za Sun mikononi mwa watu wasiojua. Ndani ya SPARCstation kuna chipu inayoitwa NVRAM, M48T08 kwa hii. Inatunza saa, mipangilio, na utambulisho wa mashine. Betri ya lithiamu imefungwa ndani ya chipu yenyewe, juu ya silikoni, na betri ya lithiamu ina umri wake. Ikiisha, mashine inasahau jina lake. Anwani yake ya mtandao inapotea, na ile namba inayoitwa hostid inapotea pia. Programu ghali za wakati ule zilifungwa kwa hostid: leseni iliandikwa kwa mashine moja na haikubali nyingine. Kwa hiyo mashine iliyosahau hostid inawaka vizuri kabisa, lakini haiwezi kufungua kazi iliyofanywa juu yake. Muuzaji anaona maneno ya hitilafu, anaandika "mbovu", anauza kwa kilo.

Tarehe 30 Machi

Siku nzuri kuliko zote mpaka sasa, nitaiandika kwa kirefu.

Utambulisho wa Sun ni baiti 16 tu. Ya kwanza ni 01 daima. Ya pili ni aina ya mashine, na kwa SPARCstation 5 ni 80. Sita zinazofuata ni anwani ya mtandao, ambayo kwa Sun huanza na 08:00:20. Kisha baiti nne za tarehe, tatu za mwisho wa hostid, na ya kumi na sita ni ya ukaguzi: unachukua zile kumi na tano za mwanzo, unazikokotoa kwa XOR, hesabu ya kulinganisha biti kwa biti, jibu linaandikwa hapo. Ukikosea moja, mashine inakataa zote.

Mtu anaweza kubuni namba yoyote na mashine itaendelea na maisha. Wengi hufanya hivyo. Mimi sikutaka namba ya kubuni, nilitaka ya kwake. Kibandiko juu ya chipu kilikuwa kimefutika nusu, tarakimu tatu tu zilisomeka. Nikafikiri: leseni inaijua hostid. Nikarudi kwenye nakala ya diski, nikatafuta faili la leseni la ARC/INFO, ile programu ya ramani ya ESRI, na kwenye mstari wa kwanza nikaikuta nzima. Inaanza na 80. Tarakimu tatu za kibandiko zinaoana nayo. Na faili moja la kumbukumbu za mfumo likanipa anwani ya mtandao, ambayo baiti zake tatu za mwisho ni zile zile za hostid.

Chipu nimeichomoa kwenye soketi. Nimekwangua ganda lake upande wa betri kwa tupa ndogo kisha msasa, polepole, mpaka miguu miwili ya betri ikaonekana. Betri ya ndani ilisoma volti 0.4. Nimeukata mguu wake chanya ili isinyonye, nikalehemu waya mbili mpaka kwenye kishikio cha CR2032, na kishikio nikakigandisha juu ya chipu. Chipu mpya zinauzwa, lakini nyingi zinazojitangaza mpya zimekaa ghalani miaka, na betri iliyokaa imezeeka pia. Hii ya kufungua naiamini zaidi, kwa kuwa kuanzia sasa betri inabadilishwa kwa kidole.

Kwenye alama ya ok, ambayo ni ya OpenBoot, programu ya Sun ya kuamshia mashine, niliandika baiti kwa amri ya mkp, moja baada ya nyingine, nikisoma kwa sauti. Mdogo wangu alikaa pembeni akihakiki na karatasi. Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikasubiri dakika kumi, nikawasha. Hakuna maneno ya hitilafu. Hostid ni ile ile ambayo marehemu aliiona kila asubuhi.

Tarehe 6 Aprili

Indy. Pawa saplai haitoi kitu, na kapasita mbili zimevimba na kuvuja. Nimebadilisha zote za upande unaotoa umeme kwa mashine, 14 kwa jumla, za kuvumilia nyuzi 105. Shilingi 38,000 na siku mbili. Sasa inatoa.

Tarehe 7 Aprili

Indy imewaka kwa mlio wake wa muziki mfupi. Nilikuwa nimekaa sakafuni na niliinuka. Prosesa ni R4600 ya 133 MHz, memori megabaiti 64. Chipu yake ya saa, DS1386, nayo imekufa kwa umri, na anwani ya mtandao imegeuka ff tupu. Mashine za Silicon Graphics huanza na 08:00:69, na kibandiko cha nyuma kinasomeka chote, kwa hiyo nimeirudisha. Jihadhari na adapta za monita: tundu la 13W3 la Sun na la Silicon Graphics yanafanana kwa umbo, lakini pini zimepangwa tofauti. Nimelehemu adapta ya pili kwa ajili ya Indy na kuiandika jina kubwa.

Diski yake haizunguki kabisa. IRIX, yaani Unix ya Silicon Graphics, itabidi niiweke upya kutoka kwenye CD, na hilo linashusha bei kwa kuwa mashine imepoteza yaliyokuwa yake.

Tarehe 13 Aprili

Ultra 5: vumbi, feni, betri ya M48T59 kwa njia ile ile. Inawaka, 333 MHz. Diski ya IDE imefutwa zamani. Ni mashine imara na haina hadithi.

Tarehe 20 Aprili

Nimefungua ramani kwa njia mbili, makusudi.

Njia ya kwanza, QGIS, programu ya ramani ya siku hizi, kwenye laptopu. Maktaba yake ya GDAL inajua kusoma matabaka ya zamani ya ARC/INFO moja kwa moja kutoka kwenye jalada. Mistari ya mifongo ikatokea, mamia ya vipande, pamoja na jedwali la majina. Sekta tatu zilizokufa ziliangukia kwenye tabaka la barabara, mifongo yenyewe ni mizima. Kwa hiyo naandika hapa wazi, na nitamwambia mama hivi hivi: ramani hazihitaji tena ile mashine. Zimeshatoka.

Njia ya pili, mashine yenyewe. Sikutaka kuichosha diski ya asili, kwa hiyo nakala niliiweka kwenye kadi ya SD ndani ya BlueSCSI, kifaa kidogo kinachojifanya diski ya SCSI, nikakipa namba 3 kama diski ya awali. Neno siri lilikuwa kwenye daftari la marehemu katika boksi la vitabu, na mama aliniruhusu kulitumia. Solaris 2.5.1, Unix ya Sun, ikapanda, na OpenWindows, madirisha yake, ikafunguka. Nikaandika arc. Leseni ikasoma hostid, ikakubali, na alama ya Arc: ikasimama mbele yangu. Kisha amri za kuchora: arcplot, display 9999, mapextent, arcs. Mistari ilianza kuchorwa kutoka juu ya kioo kwenda chini, taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye mfereji mkavu.

Kama nisingeirudisha hostid ya kweli, hili lisingetokea. Hapo ndipo penye tofauti kati ya SPARCstation 5 inayowaka na SPARCstation 5 hii.

Tarehe 27 Aprili

Hesabu. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa Indy laki 4, SPARCstation 320,000, Ultra 5 110,000, kibodi na mausi jozi mbili 70,000, monita 30,000.

Kisha nikaipeleka kwa mtu asiye na maslahi, mkusanyaji wa Nairobi ninayemfahamu kwa miaka kadhaa, bila kumwambia ni nani anauza wala nani ananunua. Kwa Ultra 5 na vidogo tulilingana. SPARCstation aliikadiria 250,000. Indy aliikadiria laki 5.

Nimekaa na tofauti hizi mbili siku nzima. Kwa SPARCstation sibadilishi: yeye hakujua kuhusu barua ya makabidhiano na leseni inayofanya kazi, nami naamini mashine yenye karatasi zake na kazi yake inastahili zaidi ya mwenzake tupu. Kwa Indy hali ni nyingine. Nilijiuliza kwa nini kile ninachokitamani kuliko vyote ndicho nilichokishusha kuliko vyote. Nilikuwa nimetoa gharama za IRIX na diski mara mbili, mara moja kwenye hali ya mashine na mara nyingine kwenye matengenezo. Ngozi ilikuwa imevutwa kwangu. Nimeandika 450,000. Jumla ya yote ni 980,000.

Tarehe 4 Mei

Mvua ya masika, barabara ya kuingia kwa mama ni tope tupu. Nilimkuta na binti yake na mjukuu wa kidato cha pili. Niliweka daftari mezani, nikaonyesha kila safu: kilo, vipande, mzima. Nikaonyesha kwamba SPARCstation ikiuzwa vipande, pamoja na kibodi yake, ingefika kama 180,000. Nikaonyesha pia rasimu ya kwanza ya Indy na mahali nilipokosea.

Binti yake aliuliza swali ambalo ningeuliza mimi: "Tukimpata mtu wa nje moja kwa moja, si atalipa zaidi?" Ndiyo, anaweza. Nikamweleza gharama ya kusafirisha, hatari ya ganda la Indy kuvunjika njiani, na muda wa kusubiri, nikamwachia namba ya mzee wa Nairobi amuulize mwenyewe. Walitoka nje wakazungumza. Niliwasikia wakicheka jikoni.

Mama alirudi akaniambia, "Hiyo ya bluu na hiyo kubwa chukua, kwa bei yako uliyoiandika. Hii bapa haiuzwi."

Nilimweleza kwamba ramani ziko kwenye flashi na hazitapotea, mashine si lazima. Akasema, "Nimekuelewa mwanangu. Ila nataka watoto wakija Desemba waione ikichora yenyewe."

Ilinichoma. Ile ndiyo niliyoifanyia kazi kuliko zote, na nilikuwa nimeshaipangia meza nyumbani. Lakini alikuwa amesikia kila hoja na amechagua akiwa na hesabu kamili mbele yake, na sikuwa na neno la kuongeza.

Makubaliano: Indy 450,000, Ultra 5 110,000, kibodi moja na mausi 35,000. Jumla 595,000. Nimelipa laki 4 leo, 195,000 mwisho wa Juni. Gharama za vipuri vya SPARCstation sikuzidai, nimezihesabu kama sehemu ya kujifunza. Hati tumesaini nakala mbili na jirani yule yule.

Tarehe 11 Mei

Nimeirudisha SPARCstation Kiborloni na kuifunga sebuleni, mezani karibu na dirisha, na monita yake ya inchi 20 ambayo baada ya robo saa ya kupata joto ilitulia rangi zake. Stabilaiza nimeweka, maana umeme wa mtaa huo unapanda na kushuka. Diski ya asili iko kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, ndani ya boksi moja na barua ya 1999. Ramani mbili nimechapisha kwenye stesheneri ya mjini, karatasi ya A1. Mama aliweka kidole juu ya mfongo unaopita juu ya shamba la baba yake, akaufuata mpaka kwenye mgawanyo, akataja zamu za maji: nani alifungulia asubuhi, nani jioni.

Mjukuu nimemfundisha mambo matatu: kuwasha, kuandika arcplot, na kuzima kwa amri kabla ya kugusa swichi. Amerudia mara nne bila kukosea. Mara ya tano alibonyeza Stop na A pamoja akaona alama ya ok, akaniuliza ni lugha gani hiyo. Nikamwambia ni Forth, na kwamba kitabu chake kimo kwenye boksi.

Kabla ya kufunga kifuniko nimeandika kwa kalamu ya wino mweusi kwenye kishikio cha betri: 11 Mei, CR2032. Na pembeni yake, tarakimu zote nane za hostid.